Nina Wasiwasi Naye

Yako maneno ambayo mtu huyatumia kwa miaka hamsini bila ya kuyauliza yametoka wapi wala yanakwenda wapi. Kwangu mimi neno wasiwasi lilikuwa mojawapo. Nimelitumia darasani, nimelitumia ofisini, nimelitumia nyumbani na misibani. Mara moja nililitumia katika barua, na kwa barua hiyo nikamharibia mtu kazi yake. Makala haya ni uchambuzi wa neno hilo, lakini vilevile ni kukiri kosa. Msomaji apendaye uchambuzi peke yake anaweza kuiruka sehemu ya kati. Hata hivyo namsihi asiiruke, kwa kuwa huo uchambuzi wenyewe nilifundishwa na sehemu hiyo, sikufundishwa na kitabu.

Nilianza kulitamka neno hili kabla sijajua maana yake. Sisi tuliokulia pwani, mlango wetu wa kwanza wa elimu ulikuwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na mtoto aliyekwisha kuzishika herufi alianzishwa zile sura fupi za mwishoni mwa msahafu. Sura ya mwisho kabisa, ya 114, ni Suratun Nasi, yenye aya sita. Katika sura hiyo mja anajikinga kwa Mola wa watu na shari ya mnong'onezi, ambaye hunong'ona vifuani mwa watu kisha akarudi nyuma akajificha. Mnong'onezi huyo kwa Kiarabu ndiye al-waswas. Tuliisoma sura hiyo kwa sauti ya juu, tumeketi mikekani, tukiyumba mbele na nyuma, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba neno tulilokuwa tukilipigia kelele lilikuwa na maana ya mnong'ono.

Kwa Kiarabu, waswasa ni kunong'ona, kutia maneno ya chinichini sikioni au moyoni mwa mtu. Shina lake ni herufi mbili zilizorudiwa, wau na sini, wau na sini, na mrudio huo wenyewe unaiga sauti ya kitu kidogo kinachosikika kwa mbali. Waarabu wa zamani walilitumia pia kwa mlio hafifu wa mapambo ya mwanamke anapotembea. Hapana shaka kila aliyewahi kukaa barazani usiku akasikia vikuku vikipita kichochoroni gizani atauelewa ukaribu wa maana hizo mbili. Ni sauti unayoisikia, nawe humwoni mwenye kuitoa.

Mswahili alipolipokea neno hili alilitia irabu zake, akapata wasiwasi, nalo likakaa vizuri kinywani mwake, kwa kuwa yeye tangu hapo ni mtu wa kurudufisha: polepole, wayawaya, hivihivi. Labda ndiyo sababu wengi huliandika kwa maneno mawili, "wasi wasi". Hilo ni kosa, na nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu mara zisizohesabika. Washairi nao hulikata wakasema wasi, ili kupata vina au mizani. Wao wana ruhusa yao ya tangu zamani, lakini mwandishi wa barua ya kawaida hana ruhusa hiyo.

Kosa la kuandika ni dogo. Lililo kubwa zaidi ni mabadiliko ya maana. Katika ile sura niliyoitaja, neno linamwelekea anayenong'ona. Kwetu sisi neno limemwacha mnong'onezi njiani, likabaki na yule aliyenong'onwa. Ni kweli kwamba hata Waarabu hulitumia kwa ile hali yenyewe ya moyo, lakini mnong'onezi wao bado yupo karibu, anakumbukwa. Mswahili anaposema "nina wasiwasi" hamfikirii kabisa mtu aliyemnong'oneza. Amekwisha kuufanya mnong'ono kuwa mali yake, kama vile umeota humo kifuani wenyewe.

Mahali pamoja tu nimeiona maana ya kale ikibaki hai, nako ni msikitini. Nilipokuwa kijana palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akikaa kwenye birika muda mrefu kuliko watu wote. Ataosha mkono mara tatu kama ilivyo sunna, kisha atasimama kidogo, atautazama, ataanza tena. Safu hupangwa, imamu huhirimia, naye yungali birikani na kiwiko chake. Watu walisema, "Yule mzee ana wasiwasi." Hawakuwa na maana kwamba anaogopa. Walikuwa na maana kwamba iko sauti inayomwambia kuwa hakutakasika, na kila akiijibu kwa maji hurudi kuuliza tena.

Sasa tulitazame neno hili pamoja na jirani zake, kwa maana neno hujulikana kwa mipaka yake. Kamusi kwa kawaida hutupa visawe: shaka, hofu, tashwishi. Lakini mwalimu wa lugha anajua kwamba kisawe ni ndugu tu. Hakijawa mtu yuleyule. Hofu ina uso. Mtu huwa na hofu ya simba, ya mtihani, ya mauti. Ukimwuliza, "Unaogopa nini?" atakujibu. Woga ni tabia. Mtu anaweza kuwa mwoga hata siku ambayo hapana la kuogopwa. Shaka ni jambo la akili: hujui kama jambo ni kweli au si kweli, na ukipata ushahidi shaka huondoka. Tashwishi ni mchafuko wa fikira, kama maji yaliyotibuliwa. Fadhaa humpata mtu ghafula, ikamtoa katika utulivu wake mbele za watu. Dukuduku ni neno lililokwama, ambalo likisemwa moyo hupoa.

Mashaka ni neno lenye mtego. Mwanafunzi hudhani ni wingi wa shaka, na mara nyingine ndivyo linavyotumika. Lakini mtu asemaye "nimepata mashaka safarini" hana maana kwamba alikosa uhakika, bali amepata taabu, na Kiarabu kinalo neno mashaqqa lenye maana hiyohiyo ya taabu. Katika madaftari yangu ya mahudhurio nimewahi kuwaandika watoto walioitwa Mashaka, Shida na Tabu. Wazazi wao walikuwa wakieleza hali waliyozaliwa nayo watoto hao, na hawakuwa na shaka yoyote juu yake.

Wasiwasi basi uko wapi kati ya ndugu hawa? Mimi naona unakaa baina ya shaka na hofu. Una kutojua kwa shaka, na una mpigo wa moyo wa hofu. Asemaye "nina hofu" amemwona mnyama. Asemaye "nina wasiwasi" ameona majani yanatikisika.

Na kwa sababu wasiwasi hauna uso, huhitaji neno jingine la kuuelekeza, na hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe. Mtu husema "nina wasiwasi" akanyamaza, na hapo anazungumzia moyo wake tu. Husema "nina wasiwasi kwamba mvua haitanyesha", na hapo anabashiri jambo baya. Husema "nina wasiwasi juu ya mtoto wangu", na hapo anamhurumia mtoto, anachelea lisimpate la kumpata. Tena husema "nina wasiwasi na mtoto yule". Hapa, ndugu msomaji, maana imegeuka kabisa. Aliye hatarini si mtoto tena, bali mtoto mwenyewe ndiye hatari. Ukisema una wasiwasi na mtu, umemshuku. Muuza duka ana wasiwasi na mteja asiyenunua wala asiyeondoka. Mlinzi ana wasiwasi na gari lililosimama usiku. Kiungo hiki kifupi, "na", kinatosha kumtoa mtu kwenye huruma ukamtia kwenye tuhuma.

Lakini mambo hayakunyooka kiasi hicho, kwa kuwa wapo wazungumzaji wengi, nami nilikuwa mmoja wao, ambao husema "nina wasiwasi na wewe, mwanangu, mbona hukonda hivyo?" na maana yao ni huruma tupu. Katika mazungumzo sauti na uso huonyesha maana ipi inakusudiwa. Katika barua hakuna sauti wala uso.

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Tulikuwa na shamba la shule, kama shule nyingine nyingi tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, na mwaka huo tulivuna mahindi tukauza magunia 14. Msimamizi wa shamba alikuwa mwalimu kijana, mwaka wake wa tatu kazini, aliyetoka chuo cha ualimu akiwa na mwandiko mzuri na moyo wa kazi. Watoto walimpenda. Baada ya mavuno nilianza kumwona amebadilika. Alichelewa kengele ya saa moja na nusu. Alisimama mbele ya ubao na chaki mkononi asiandike. Madaftari ya darasa lake yalirundikana bila kusahihishwa. Nilimwuliza kama kuna tatizo, akasema hapana. Ni watoto walionieleza kwamba mama yake alikuwa mgonjwa sana kijijini kwao, mwendo wa siku nzima kwa basi, na kwamba kila Ijumaa jioni alikuwa akienda na kurudi Jumapili usiku bila ya kulala.

Niliona njia ya kumsaidia ni kumwombea uhamisho apelekwe karibu na kwao. Nikaandika barua ya siri kwa ofisi iliyohusika. Kwa kuwa yeye mwenyewe hakutaka habari za mama yake zijulikane, niliona ni ustaarabu nisizitaje. Barua yangu ilikuwa na sentensi mbili tu. Ya kwanza ilisema kwamba nina wasiwasi na mwalimu huyu. Ya pili iliomba ofisi ifikirie kumhamisha mapema iwezekanavyo.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepeleka taarifa ya mapato ya shamba, na katika taarifa hiyo nilieleza kwamba fedha za magunia mawili bado hazijaonekana. Mnunuzi mmoja aliyachukua kwa ahadi ya kulipa baadaye, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa katika daftari la mauzo. Lakini mimi katika taarifa niliandika upungufu tu, sikuandika sababu yake, nikitumaini kwamba fedha zitafika kabla hajatokea mtu wa kuuliza.

Msomaji amekwisha kuona yaliyofuata. Mtu aliyeketi ofisini alikuwa na karatasi mbili mbele yake, zote zenye sahihi yangu. Moja inasema fedha za shamba zimepungua. Ya pili inasema mwalimu mkuu ana wasiwasi na mwalimu wa shamba na anataka aondoke upesi. Simlaumu mtu huyo. Ningalikuwa mimi ningalizisoma vivyo hivyo.

Yule kijana aliitwa. Asubuhi alipokuwa akiondoka alikuja ofisini kwangu akasimama mlangoni. Akaniuliza, "Mwalimu Mkuu, wito huu ni wa nini? Nichukue chochote?" Mimi nikijua moyoni kwamba ameitiwa habari njema ya uhamisho, nilitabasamu nikamwambia, "Ondoa wasiwasi, mwanangu. Nenda tu."

Akaenda mikono mitupu. Huko aliulizwa habari za magunia mawili. Daftari la mauzo, ambalo lingalimtetea kwa mstari mmoja, lilikuwa kabatini mwangu. Alirudi jioni, hakuja kwangu. Mwezi uliofuata alihamishwa, si karibu na mama yake bali mbali zaidi, na uhamisho wenyewe ulikuwa wa adhabu. Mnunuzi alileta fedha zake siku chache baada ya kijana kuondoka. Niliandika barua nyingine, ndefu, iliyoeleza kila kitu. Safari hii sikubania maneno, lakini kijana alikuwa amekwisha kuacha kazi. Mama yake alifariki mwaka uleule.

Nilionana naye mwaka 2006, msibani. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, ana duka la vifaa vya ujenzi. Aliniona, akaja akanipa mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Tulikaa kimya kitambo chini ya turubai. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Walinisomea ile barua. Uliandika kwamba una wasiwasi na mimi."

Nikamweleza. Nilimweleza habari za mama yake, za watoto walioniambia, za uhamisho niliokuwa nikimtakia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, kumbe ungaliandika neno moja tu zaidi." Halafu aliitwa kwenye kubeba jeneza, akaondoka. Tumesalimiana mara kadhaa tangu siku hiyo, na jambo hilo hatujalirudia.

Tangu wakati huo nimeyatafakari matumizi yangu yote mawili ya neno lile, la barua na la mlangoni, na nimeona kwamba la mlangoni ndilo baya zaidi. La barua lilikuwa kosa la lugha. La mlangoni lilikuwa kosa la utu uzima.

Hebu fikiri ni mara ngapi kwa siku moja tunaambiwa tuondoe wasiwasi. Mama ndani ya basi akimwambia kondakta kwamba dereva anakimbia mno, hujibiwa, "Ondoa wasiwasi, mama, dereva mzoefu huyu." Mgonjwa akiuliza vipimo vyake vimeonyesha nini, huambiwa, "Usiwe na wasiwasi." Mwenye kudai fedha zake huambiwa, "Toa wasiwasi, kesho." Magazeti nayo yana mtindo wake: mkubwa fulani amewatoa wananchi wasiwasi. Ukisoma habari yenyewe mpaka chini mara nyingi hukuti jambo lolote lililobadilika. Daraja ni lilelile, maji ni yaleyale. Kilichoondolewa ni wasiwasi tu, kana kwamba wasiwasi wenyewe ndio ulioharibu daraja.

Kauli hii ina adabu ya nje. Inasemwa kwa tabasamu, nami niliisema kwa tabasamu. Lakini ukiichunguza ni amri, na ni amri isiyoweza kutekelezwa, kwa maana hakuna aliyewahi kuuondoa wasiwasi wake kwa kuamriwa. Anachoweza mtu kukifanya ni kuuficha. Basi asemaye "ondoa wasiwasi" bila ya kutoa sababu ni kama anasema, "Wasiwasi wako usinifikie mimi."

Wahenga waliliona jambo hili kuliko sisi. Walisema: wasiwasi ndio akili. (Wengi huandika "ndiyo akili", wakilifuata neno akili, lakini kinachozungumzwa ni wasiwasi, nasi twasema wasiwasi huu, kwa hiyo ndio.) Zamani methali hii ilinichanganya. Vipi mnong'ono wa shetani, tuliofundishwa chuoni kujikinga nao, uwe ndio akili? Leo naona hapana ugomvi. Methali haisemi kwamba mnong'ono ni kweli. Inasema kwamba mwenye akili akisikia mnong'ono hugeuka akatazama. Yule mzee wa birikani aliusikia mnong'ono asigeuke kuutazama, akawa anaujibu tu kwa maji. Yule kijana mlangoni pangu aliusikia, akageuka, akauliza, "Nichukue chochote?" Hiyo ndiyo akili yenyewe. Angaliachwa na wasiwasi wake kwa dakika tano tu angalikumbuka daftari. Mimi nilimnyang'anya.

Wageni wanaotutembelea wanadhani kwamba sisi ni watu tusio na wasiwasi. Wimbo wa Jambo Bwana, uliotolewa na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya mwaka 1982, uliwafundisha maneno "hakuna matata", na filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 ikayaeneza dunia nzima. Maneno hayo hufasiriwa kwao kana kwamba ni kuondoa wasiwasi. Sivyo. Matata ni mambo yaliyotatana, kama uzi au nyavu. Matata yako nje, duniani, na yanaweza kutatuliwa na mtu mwenye subira na vidole. Wasiwasi uko ndani. Inawezekana kabisa pasiwe na matata na wasiwasi ukawepo; na inawezekana, kama mwaka ule wa 1987, matata yakawa yamekwisha kusukwa na asiwepo mwenye wasiwasi wa kutosha.

Waandishi wakubwa wamelijua hili. Mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri na kuutoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi huanza na tajiri Antonio akilalamika kwamba moyo wake ni mzito wala hajui sababu. Rafiki zake wanamtafutia sababu: ni merikebu zako zilizo baharini. Mmoja wao anasema kwamba kama mali ile ingekuwa yake, hata kupuliza mchuzi wake upoe kungemkumbusha tufani. Antonio anawakatalia, mali yake haiko katika chombo kimoja. Sote twajua kilichotokea. Habari za kupotea kwa merikebu zilifika, naye alikuwa amekwisha kutoa ratili ya nyama yake kuwa dhamana. Mwishoni ilibainika kwamba baadhi ya merikebu zilikuwa salama, lakini wakati huo kisu kilikuwa kimekwisha kunolewa. Nilipousoma zamani niliwaona wale rafiki kuwa wapayukaji. Sasa naona kwamba wao peke yao waliukubali wasiwasi wakaufuata mpaka bandarini.

Upo pia wasiwasi usiofika bandari yoyote. Euphrase Kezilahabi katika riwaya yake ya Kichwamaji, ya mwaka 1974, alitupa kijana msomi, Kazimoto, ambaye maisha yenyewe yamekuwa swali kwake, na mwisho wake ni kujiua. Walimu wengi wa rika langu tuliwaambia wanafunzi kwamba Kazimoto alikuwa na wasiwasi mwingi, tukaendelea na ukurasa unaofuata. Neno lilitupa njia ya kupita haraka. Siku hizi wauguzi na washauri wanazungumza juu ya ugonjwa wa wasiwasi, na wanasema kwamba ni maradhi kama maradhi mengine, yanayotibika. Nafurahi kulisikia hilo, ingawa nachelea jambo moja. Neno ambalo tayari linabeba mnong'ono wa shetani, tuhuma ya muuza duka, huruma ya mzazi na busara ya methali, sasa tumelitwika na maradhi. Mgonjwa atakayesema "nina wasiwasi" atasikiwa na nani, na kwa maana ipi? Naogopa kwamba ndugu zake, kwa nia njema kabisa, watamwambia auondoe.

Sipendekezi kwamba neno libadilishwe. Lugha haiamriwi na mstaafu mmoja aliyekaa barazani. Ninalopendekeza ni dogo, na ndilo ninalowaambia walimu vijana wanaokuja kunisalimu. Kila ukiandika neno wasiwasi, usiweke nukta mpaka umeandika sababu yake. Usiandike "nina wasiwasi naye." Andika, "Nina wasiwasi juu yake kwa sababu mama yake ni mgonjwa naye halali." Na mtu akikuambia ana wasiwasi, usimwambie auondoe. Mwulize, "Umesikia nini?" Hilo ndilo swali la asili la neno lenyewe, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa ni mnong'ono, na mnong'ono una mwenyewe. Kiswahili kilimwacha njiani, nasi tumrudishe.

Wahenga walisema pia kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakutaja kalamu, labda kwa kuwa kalamu wakati wao zilikuwa chache. Mimi nilijikwaa kalamu. Nikiisoma ile sura ya mwisho ya msahafu baada ya sala, na umri huu naisoma kila siku, nafika kwenye yule mnong'onezi anayetia maneno vifuani mwa watu kisha akarudi nyuma. Utotoni nilidhani ni shetani peke yake. Lakini aya ya mwisho inaeleza kwamba wanong'onezi wapo katika majini na wapo katika watu. Nami naikumbuka barua yenye sentensi mbili, iliyopigwa muhuri wa siri, na mtu aliyeketi mbali akaisoma, na mimi niliyeiandika nikarudi zangu darasani.